Maji Safi na Choo ni Ndugu Wawili

Yako mafundisho ya afya yasiyohitaji ubao wala chaki. Bwana afya huja kijijini, akaketi chini ya mti pamoja na wazee, akina mama na vijana, akaomba maji. Huletewa bilauri iliyojaa maji meupe. Huwauliza waliokusanyika kama wangeweza kuyanywa maji hayo, nao wote hujibu kwamba wangeyanywa bila ya wasiwasi. Ndipo hung'oa unywele mmoja kichwani mwake, akaugusisha kwenye kinyesi kilichoachwa porini karibu na pale, kisha akauchovya katika ile bilauri. Maji hayageuki rangi wala hayatoi harufu. Humpa bilauri mtu wa kwanza, naye hukataa. Humpa wa pili, naye hugeuza uso. Hatimaye bwana afya huuliza swali jepesi: nzi ana miguu mingapi? Watoto hujibu kwamba anayo sita. Je, miguu sita ya nzi yaweza kubeba uchafu mchache kuliko unywele mmoja?

Hapo baraza hunyamaza kimya, kwani kila mmoja humkumbuka nzi aliyetua juu ya chakula chake asubuhi ile.

Mafundisho ya namna hii yalianzia katika vijiji vya Bangladesh mwaka wa 1999, kwa juhudi za mtaalamu wa Kihindi aitwaye Kamal Kar, na mwaka wa 2007 yakaanza kutumika katika Kilifi, pwani ya Kenya. Maana yake ni fupi. Watu wengi huomba maji safi, na ni haki yao kuyaomba. Lakini ni wachache waombao choo. Hali hizo mbili haziwezi kutenganishwa. Kijiji kilichochimbiwa kisima bila ya kujenga vyoo ni kama mtu aliyefunga mlango wa mbele akauacha wa nyuma wazi.

Kisima cha London

Jambo hili halikujulikana tangu zamani. Watu wa Ulaya wenyewe walidhani kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya. Mwishoni mwa mwezi wa Agosti mwaka wa 1854 ugonjwa huo ulizuka katika mtaa wa Soho mjini London, na kwa muda wa siku 10 ukawaua watu zaidi ya 500 waliokaa karibu karibu. Daktari mmoja, John Snow, alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza kila aliyefiwa alikuwa akiteka maji wapi. Karibu wote walitaja kisima kimoja cha pampu kilichokuwa katika njia iitwayo Broad Street.

Tena daktari huyo aliona jambo lililomtia moyo. Palikuwako karibu na hapo nyumba ya kuwatunza maskini, yenye watu zaidi ya 500, na katika hao walikufa 5 tu. Hewa yao ilikuwa ile ile ya jirani zao, bali walikuwa na kisima chao wenyewe. Snow aliwaeleza wakuu wa mtaa yale aliyoyaona, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ya Broad Street ukaondolewa. Baadaye ilipochunguzwa zaidi ilionekana kwamba shimo la uchafu la nyumba moja lilikuwa karibu mno na kisima, na kuta zake zilikuwa zikivuja. Kilichowaua watu wa Soho, basi, kilikuwa choo kilichojengwa vibaya kando ya maji ya kunywa.

Tangu siku zile elimu imekwenda mbele. Vijidudu vya kipindupindu vimeonekana kwa hadubini, na njia zake zimejulikana: hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, vikapita kwa vidole, kwa nzi, kwa mchanga wa shamba au kwa maji, hata vikafika kinywani mwa mtu mzima. Njia hizo ndizo zipitazo tumbo la kuhara damu, homa ya matumbo na minyoo mingi. Ajabu ni kwamba njia hizo zajulikana kwa zaidi ya miaka 100, na hata hivyo watu wanaendelea kufa. Tena hufa zaidi palipo na vita.

Msiba wa Goma

Hapana mahali palipoonyesha jambo hili kwa uchungu kuliko mji wa Goma, ulioko ukingoni mwa Ziwa Kivu katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka wa 1994, baada ya mauaji makubwa ya Watutsi nchini Rwanda, serikali iliyoyasimamia mauaji hayo ilishindwa vitani. Katikati ya mwezi wa Julai watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kwa siku chache wakaingia Goma na vitongoji vyake. Miongoni mwao walikuwamo askari na viongozi waliokuwa wametenda mauaji. Walikuwamo pia wakulima, akina mama na watoto wachanga wengi mno. Ugonjwa uliowangoja haukubagua kati ya hao na hawa.

Nchi ya Goma ni nchi ya mawe meusi magumu, yaliyotapikwa na mlima wa moto wa Nyiragongo. Jembe haliingii. Watu hawakuweza kuchimba vyoo, wala hawakuweza kuchimba makaburi. Waliojisitiri walijisitiri popote palipowezekana, na mvua au miguu ya watu ikauchukua uchafu mpaka ziwani. Ziwani ndiko walikoteka maji. Wale waliopelekwa katika kambi ya Kibumba, kaskazini ya mji, walikuwa na taabu nyingine, maana huko hapakuwa na mto wala chemchemi iliyowatosha, na kila tone lilipasa kuletwa kwa lori.

Kipindupindu kilithibitishwa tarehe 20 Julai. Katika juma lile la kwanza maji yaliyosafishwa, kama yangaligawanywa sawasawa kwa wote, yasingalimpatia mtu mmoja hata robo lita kwa siku. Mgonjwa wa kipindupindu aliyezidiwa aweza kupoteza lita nzima ya maji ya mwili kwa muda wa saa moja. Hesabu hiyo yatosha kueleza yaliyofuata. Maiti waliviringishwa katika mikeka wakalazwa kando ya barabara, na mashine zikaletwa kuchimba makaburi ya pamoja. Baada ya kipindupindu kulifuata tumbo la kuhara damu. Madaktari waliofanya hesabu baadaye walikadiria kwamba katika mwezi wa kwanza watu wapatao 50,000 walikufa, nao wengi wao waliuawa na maradhi hayo mawili.

Msaada ulikuja, lakini ulikuja ukikimbizana na mauti. Majeshi na mashirika ya misaada yalileta mitambo ya kusafisha maji, yakayavuta kutoka ziwani, yakayatia klorini na kuyasafirisha kwa malori mpaka kambini. Matangi makubwa yalisimamishwa, na mabomba yenye mifereji mingi yakatandazwa juu ya mawe. Wagonjwa walinyweshwa maji yenye chumvi na sukari. Mwezi wa pili idadi ya waliokufa ilikuwa imeshuka sana. Lakini wale waliokwisha zikwa hawakurudi, na swali likabaki katika mioyo ya waliofanya kazi ile: kwa nini mambo yaliyojulikana na kila daktari hayakuwa tayari siku ya kwanza?

Hesabu zilizotokana na makaburi

Swali hilo halikupita bure. Kuanzia mwaka wa 1997 mashirika mengi ya misaada yalikutana, yakaandika kwa pamoja kanuni ambazo kila kambi ya watu waliokimbia vita au maafa yapasa kuzifuata. Kanuni hizo huitwa Sphere, na kitabu chake cha kwanza kamili kilitolewa mwaka wa 2000. Yafaa zijulikane hata na mtu asiyepata kuona kambi, kwa sababu ni kipimo kizuri cha kijiji chochote.

Kila mtu apate maji yasiyopungua lita 15 kwa siku, ya kunywa, kupikia na kuogea. Mahali pa kuteka pasiwe mbali na nyumba kwa zaidi ya mita 500. Mfereji mmoja usitegemewe na watu zaidi ya 250, na bomba moja la mkono lisitegemewe na zaidi ya 500. Choo kimoja cha pamoja kisizidi watu 20, nacho kisiwe mbali na nyumba kwa zaidi ya mita 50, kwa kuwa choo kilicho mbali hakitumiwi usiku. Tena shimo la choo liwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na chini yake pasikaribie maji ya ardhini, bali pabaki nafasi ya mita moja na nusu.

Mtu aweza kudhani kwamba hesabu hizi ni mambo ya makarani. Sivyo. Nyuma ya kila hesabu yuko mtu. Nyuma ya ile mita 50 yuko mwanamke aogopaye kutoka gizani katika kambi isiyo na taa, ambamo wanaume wasiomjua wanazurura. Kwa sababu hiyo kanuni hizo huagiza vyoo vya wanawake vitengwe na vya wanaume, viwe na komeo kwa ndani, na wanawake wenyewe waulizwe vijengwe wapi kabla ya kujengwa. Mahali ambapo hawakuulizwa, vyoo vizuri vimepata kusimama vitupu huku watu wakiendelea kwenda porini.

Ukingoni mwa Ziwa Kivu kwenyewe watu wamejifunza njia rahisi. Kipindupindu kinapozuka, wafanyakazi husimama mahali watu wanapotekea maji, wakiwa na dawa ya klorini na bomba dogo la sindano lisilo na sindano. Kila mtungi unaopita hutiwa kipimo chake, na mwenye mtungi huambiwa angoje nusu saa kabla ya kunywa. Kazi hiyo haihitaji mtambo mkubwa, bali yahitaji mtu mwaminifu asimame pale pale kila siku, tangu alfajiri mpaka jioni.

Wageni waliokaa miaka

Kenya nayo yaijua habari ya wakimbizi. Kambi za Dadaab, katika nchi kavu ya Garissa, zilifunguliwa mwaka wa 1991 kwa ajili ya Wasomali waliokimbia vita vya kwao. Zilikusudiwa kuwa za muda, lakini walizaliwa humo watoto ambao nao walikua wakazaa watoto wao. Malori ya maji hayafai kwa maisha ya namna hiyo. Ilipasa kuchimba visima virefu kwa mashine mpaka kuyafikia maji yaliyofichika chini ya ardhi, ambayo wataalamu huyaita maji ya Merti, kuyapandisha katika matangi, na kuyagawa kwa mabomba. Wafugaji wa nchi ile wamekuwa wakiyategemea maji hayo hayo, na hilo ni jambo la busara kulikumbuka: mahali pakavu, kisima kinachomnywesha mgeni na kumwacha mwenyeji na ng'ombe wake wakitazama hakiwezi kudumu kwa amani.

Hata hivyo visima peke yake havikuleta usalama wote. Mwishoni mwa mwaka wa 2015 kipindupindu kilizuka Dadaab, miaka zaidi ya 20 baada ya kambi kufunguliwa. Popote vyoo vinapojaa na kukosa kuchimbwa vingine, na watu wakiwa wamebanana, bilauri ile ya chini ya mti hurudi tena na unywele wake.

Bomba la Kwale

Haya yote ni habari za kambi. Lakini walio wengi katika Afrika Mashariki hawakai kambini. Wanakaa vijijini, na vita yao ni ya kimya. Kwao taabu kubwa si kutoletewa bomba. Taabu ni kwamba bomba huja kwa sherehe, likafunguliwa kwa hotuba na ngoma, kisha likaharibika mwaka wa pili likabaki kuwa chuma cha watoto kuchezea.

Habari ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, ni ya kupendeza katika jambo hili. Mwaka wa 1983 mpango ulianzishwa huko wa kujaribu mabomba ya mkono. Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia walishiriki, pamoja na Serikali ya Kenya, serikali ya Sweden, na shirika la Kenya liitwalo KWAHO. Hapo kabla mabomba mengi ya mkono yaliyoletwa Afrika yalikuwa mazito. Kipuri kidogo cha mpira kilipochakaa chini kabisa ya kisima, ilibidi mafundi waje na gari kutoka mjini, wayang'oe mabomba yote ya chuma yaliyoshuka kisimani, ndipo wakifikie kipuri chenyewe. Kijiji kiliweza kungoja miezi mingi kwa ajili ya kipuri ambacho chaweza kubebwa kiganjani.

Kutokana na majaribio ya Kwale, na mengine yaliyofanywa Malawi, likapatikana bomba lililoitwa Afridev. Wahandisi walilitengeneza wakiwa na swali moja mbele yao: je, watu wa kijiji wenyewe wataweza kulifungua? Mabomba yake yaendayo kisimani ni ya plastiki, nayo hubaki mahali pake wakati wa kutengeneza. Vyuma vya ndani hupandishwa kwa mkono, pamoja na kile kipande kivutacho maji, kikabadilishwa mpira wake, kikarudishwa. Spana moja yatosha kulifungua. Laweza kuvuta maji kutoka kina cha mita 45 hivi. Tena umbo lake halikufungwa kwa haki ya mtu mmoja. Kiwanda chochote chenye uwezo kiliruhusiwa kulitengeneza, na kwa hiyo limeenea katika nchi nyingi za Afrika na Asia.

Lakini bomba jepesi lisingalifaa kama mkono wa kulitunza haukuwako. Hapo ndipo akina mama wa Kwale walipoingia. Kwa desturi kazi ya kuteka maji ilikuwa yao, bali mikutano ya maji ilikuwa ya wanaume. Wafanyakazi wa KWAHO walikaa na vijiji kwa muda mrefu kabla ya kuchimba, wakazungumza na wazee na waume, hata ikakubaliwa kwamba mwenye kuumia mgongo kwa mtungi ndiye afaaye kulilinda bomba. Kamati zikachaguliwa. Wanawake wakafunzwa kufungua bomba na kubadilisha vipuri, na mara nyingi wao ndio waliokabidhiwa fedha za kamati. Mwanzoni wako waliocheka kumwona mwanamke akishika spana. Lakini bomba lilipoharibika na kutengenezwa kabla ya jua kuchwa, hapakuwa na haja ya kubishana zaidi. Baadhi ya mabomba yaliyowekwa wakati ule yalikuwa bado yakitoa maji zaidi ya miaka 25 baadaye.

Nani atalipa?

Isidhaniwe kwamba kila kamati ilifanikiwa. Mabomba ya mkono yameharibika mengi, Kwale na penginepo, na sababu yajulikana. Watu hawapendi kutoa fedha kwa kitu kisichoharibika leo. Bomba likitoa maji vizuri, mchango husahauliwa. Likivunjika, mweka hazina hufungua kisanduku akakuta hamna kitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka wa 2013 jambo jipya lilijaribiwa Kyuso, katika Kitui, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford. Ndani ya mipini ya mabomba walitia chombo kidogo kinachohesabu jinsi mpini unavyopanda na kushuka, nacho hupeleka habari kwa njia ya simu. Mpini ukitulia pasipo kawaida, fundi hupata habari, akapanda pikipiki yake akaenda. Kabla ya hapo bomba lililoharibika lilikaa kwa wastani wa siku 27 bila ya kutengenezwa. Katika majaribio hayo muda huo ulishuka ukawa chini ya siku 3. Katika miaka iliyofuata kazi ya mafundi wa namna hiyo ilianzishwa Kitui na Kwale, vijiji vikilipa kiasi kidogo kila mwezi ili kutengenezewa bomba lao upesi.

Siku 27 si neno dogo. Muda wa siku hizo akina mama hurudi kwenye dimbwi wanalonywea ng'ombe. Mtoto aliyekunywa maji safi mwaka mzima hawezi kusalimika kwa sababu hiyo tu. Siku chache za maji machafu zatosha kumlaza. Ndiyo sababu fedha ya kutengeneza bomba ina thamani sawa na fedha ya kulichimba.

Choo chema ni cha namna gani?

Choo cha shimo kinadharauliwa na wengi kwa sababu ya harufu na nzi. Lakini katika miaka ya 1970, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, wataalamu wa maabara ya Blair walivumbua dawa ya matatizo hayo mawili. Choo chao kina bomba refu la hewa litokalo shimoni na kupanda juu kupita paa, na kinywa chake kimefungwa wavu. Upepo upitao juu ya bomba huivuta harufu kutoka shimoni. Ndani ya choo huachwa kiza kidogo. Nzi, kwa kuwa hupenda mwanga, huuona mwanga wa bomba, akaruka juu, akazuiwa na wavu, akafa humo. Kijiji kisichoweza kununua bomba la plastiki chaweza kulijenga kwa matofali, au kwa matete yaliyokandikwa udongo.

Kando ya choo yafaa pawe na mahali pa kunawia. Vijijini watu hutumia kibuyu chirizi: chombo kilichotundikwa juu ya mti, chenye kamba inayokanyagwa kwa mguu, hata maji yakachiriza bila ya mkono kukigusa chombo. Sabuni hutundikwa kando yake. Kwa gharama ya mtungi mkuukuu na kipande cha kamba, zile njia za vidole huzibwa.

Na kama ugonjwa umekwisha kuingia nyumbani, jambo la kwanza ni kumrudishia mgonjwa maji aliyopoteza. Pakiti za chumvi na sukari hupatikana hospitalini na madukani. Zikikosekana, huchukuliwa lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vikakorogwa hata viyeyuke. Mgonjwa hunyweshwa kidogo kidogo, mara nyingi, huku akipelekwa kwa daktari pasipo kukawia. Wagonjwa wengi wa kipindupindu huweza kupona kwa maji kama hayo wakiwahiwa.

Haki na wajibu

Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba maji safi na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Mwaka ule ule Katiba mpya ya Kenya, katika kifungu cha 43, ilimpa kila mtu haki ya kupata maji safi ya kutosha na hali njema ya usafi. Hata hivyo hesabu za Umoja wa Mataifa zilionyesha kwamba mwaka wa 2022 watu bilioni 2.2 duniani walikuwa hawajapata maji ya kunywa yaliyo salama kwa kweli, na watu milioni 419 walikuwa hawana choo cha aina yoyote wakajisitiri porini.

Haki iliyoandikwa ni jambo kubwa, na serikali isiyoitimiza yapasa kuulizwa. Lakini hapana sheria iwezayo kuchimba shimo nyuma ya nyumba ya mtu, wala kubadilisha mpira wa bomba, wala kumnawisha mtoto mikono. Chanzo cha msiba wa Soho kilifichuliwa na daktari aliyebisha hodi mlango kwa mlango. Watu wa Goma walipotea kwa sababu msaada ulichelewa kwa siku chache. Akina mama wa Kwale walipata maji kwa sababu walishika spana wenyewe.

Ile bilauri ya chini ya mti haina siri. Kila kijiji kinaweza kuitazama na kujiuliza: je, tungeyanywa? Ikiwa jibu ni hapana, kazi yaweza kuanza jioni ile ile, kwa jembe, mahali pafaapo, mita 30 mbali na kisima.